Of, for, about, by: hofu ya Kiingereza inaelekea wapi?

Chukua mbwa mmoja na sentensi tatu za Kiingereza. "I'm afraid of the dog": mbwa anauma, na anayesema anaogopa kung'atwa. "I'm afraid for the dog": mbwa kakimbilia barabarani, gari linakuja kwa kasi, na anayeweza kuumia sasa ni mbwa. "I'm worried about the dog": hajala tangu jana, kajikunja pembeni, na mwenye mbwa hajui ana nini. Mbwa ni yuleyule. Kilichobadilika ni kineno kidogo kilichomtangulia, na kineno hicho kimeamua nani yuko hatarini, hatari inatoka wapi, na kama kuna hatari ya kushikika au ni mawazo yanayomsumbua mtu.

Wengi wetu tuliojifunza Kiingereza darasani tulipewa maneno haya kama orodha ya kukariri: "afraid" huenda na "of", "worried" huenda na "about", basi. Orodha hiyo haisemi uongo, lakini inamfanya mwanafunzi aamini kwamba kihusishi, yaani kineno kama "of" au "for", kimebandikwa tu pale na hakina kazi. Akikutana na "afraid for" anadhani ni kosa la uchapaji. Akitaka kuandika jambo lisilokuwemo kwenye orodha, anabahatisha. Afadhali ajiulize swali moja kila mara: hofu hii inaelekea wapi? Na mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu swali hilo hulijibu kila siku bila kujua, ila jibu lake hulitia ndani ya kitenzi.

Ogopa na ogopea

Sema "namwogopa baba", kisha sema "namwogopea baba". Silabi moja imeongezeka, na baba aliyekuwa anatisha amekuwa mtu anayeweza kupatwa na jambo. Hiyo ni kauli ya kutendea, na hapa inafanya kazi ileile ambayo Kiingereza kimempa "for". "I'm afraid of my father" ni ogopa. "I'm afraid for my father" ni ogopea. Ukishaliona hili, nusu ya kazi imekwisha: kinachoweza kuleta madhara huchukua "of", kinachoweza kupata madhara huchukua "for".

Kitenzi chetu kingine, "hofia", hakitoi msaada huo. "Wapinzani wanamhofia" maana yake wanamwogopa. "Mama anamhofia mwanawe aliye safarini" maana yake anamwogopea. Sisi tunaelewa kwa muktadha. Kiingereza hakikuachii nafasi hiyo, kinataka uamue. Kwa hiyo unapofasiri sentensi yenye "hofia", usikimbilie kamusi kabla hujajua ni nani anayeweza kuumia.

Hapa ndipo linapozaliwa kosa ninaloliona mara nyingi sana katika maandishi ya wanafunzi: "I fear my life". Mwandishi alikuwa na "naogopea maisha yangu" kichwani, akaona "fear" inatosha. Lakini "I fear my life" ni kusema maisha yenyewe yanamtisha. Alichotaka ni "I fear for my life". Vivyo hivyo "for" hutangulia vitu tunavyovithamini na tusivyotaka vipotee: "afraid for her safety", "fears for the future", "concerned for their health".

Kuna msemo mmoja unaovunja kanuni hii, na ni vizuri kuufahamu mapema usije ukakuyumbisha. Waingereza husema mtu anaishi "in fear of his life", wakimaanisha kwamba anaogopa kuuawa. Kwa mantiki yetu ilipaswa kuwa "for", na "in fear for his life" nayo hutumika. Huo wa "of" ni msemo ulioganda. Ukubali ulivyo, usiujengee kanuni.

Kwa nini "of"?

Swali la haki ni hili: kama "of" ni "-a" ya umiliki, kama katika "the house of my uncle", inafanya nini mbele ya mbwa anayetisha? Hofu si mali ya mbwa.

Jibu liko katika historia ya neno "afraid", na kwa msomaji wa Kiswahili ni jibu jepesi kuliko inavyodhaniwa. "Afraid" halikuanza kama kivumishi. Lilikuwa umbo la kutendwa la kitenzi cha zamani, "affray", kilichoingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha Wanormani, na maana yake ilikuwa kutisha au kushtua. Kwa hiyo mtu aliyekuwa "afraid" alikuwa ametishwa. Na katika Kiingereza cha zamani, mtendaji baada ya kitenzi cha kutendwa mara nyingi alitajwa kwa "of", mahali ambapo leo tungetarajia "by". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa mifano. Katika Mathayo 4:1 Yesu "led up of the spirit into the wilderness to be tempted of the devil". Biblia yetu ya Kiswahili inasema alipandishwa na Roho nyikani, ili ajaribiwe na Ibilisi. Tazama: kila penye "of", Kiswahili kina "na". Basi "afraid of the dog" kwa asili yake ni "aliyetishwa na mbwa".

Baadaye "by" ikachukua kazi ya kumtaja mtendaji. Lakini kufikia hapo watu walikuwa wameshasahau kwamba "afraid" ni kitenzi. Lilikuwa limekuwa jina la hali, na "of" ikabaki nalo. Ndiyo maana pia huwezi kusema "afraid by", hata kama kuna kilichokutisha dakika hii.

Biblia hiyohiyo ya 1611 inatupa somo jingine kwenye Zaburi ya 27, aya ya kwanza: "whom shall I fear?" na, katika nusu ya pili, "of whom shall I be afraid?" Maswali mawili, hofu ileile. "Fear" kama kitenzi inamshika anayeogopwa moja kwa moja bila kihusishi, kama "mwogope". "Afraid" haiwezi, sharti ipitie "of". Kiswahili kinasema "nimwogope nani" na "nimhofu nani", vitenzi vitupu mara zote mbili, na hapo ndipo tunapoteleza. Tukishazoea "afraid of" tunaandika "I fear of snakes", au tukishazoea "fear" tunaandika "I afraid snakes". Ni "I fear snakes" na "I'm afraid of snakes". Nomino nayo inadai "of": "a fear of snakes". Kitenzi "dread" kinafuata njia ya "fear": "I dread the exam", bila kitu katikati.

Kumwamsha mtoto

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni pale hofu inapoelekea kwenye kitendo. Kiingereza kina njia mbili, na wengi hudhani ni sawasawa: "afraid to" ikifuatwa na kitenzi, na "afraid of" ikifuatwa na umbo la "-ing".

Mtoto mchanga amelala. Ndugu mmoja anataka kumwamsha ampe dawa, ila anajua akimkatiza usingizi atalia usiku kucha. "He is afraid to wake the baby." Kumwamsha ni uamuzi wake, na hofu inamzuia kuuchukua. Dada yake yeye anapita chumbani kutafuta ufunguo, ananyatia, hataki hata mlango ulie. "She is afraid of waking the baby." Hana nia ya kumwamsha. Kuamka kwa mtoto kutakuwa bahati mbaya.

Kwa Kiswahili tunaweza kusema "anaogopa kumwamsha mtoto" kwa wote wawili. Lakini tukitaka kutofautisha tunayo njia, tena nzuri: "dada anaogopa asije akamwamsha mtoto". Hiyo "asije aka-" hatuitumii kwa jambo tunaloamua kulifanya, tunaitumia kwa jambo linaloweza kutuponyoka. Kwa hiyo ukiweza kusema "asije aka-" bila maana kuharibika, andika "of" na "-ing". Kama sentensi inakataa, na kinachozungumzwa ni kitendo ambacho mtu angekifanya kwa hiari lakini anasita, andika "to".

Jaribu na kuanguka. "Mzee anaogopa asije akaanguka" inakubali bila shida, basi ni "afraid of falling". Hakuna aamuaye kuanguka, na "afraid to fall" ingesikika ajabu. Jaribu na kuruka kutoka ukutani ukiwa umesimama juu yake: huko ni kusita, basi "afraid to jump". Na tazama kifo, kwa sababu hapo tofauti ni kubwa. "He is afraid of dying" ni mtu anayewaza kwamba huenda akafa. "He is not afraid to die" ni mtu aliyeamua kwamba likimpasa kufa kwa ajili ya jambo fulani, atakufa. Mwandishi akimpa mpigania haki sentensi ya kwanza badala ya ya pili, amempa moyo mwingine kabisa.

Isionekane kwamba Kiingereza kinalazimisha tofauti hii kila mahali. Kwa vitendo vya hiari, "afraid of speaking in public" na "afraid to speak in public" hukaribiana sana, na Waingereza hubadilishana. Lakini kwa ajali, "to" haifai. Kosa liko upande huo.

"Scared", "frightened" na "terrified" hufuata utaratibu huohuo wa "of" na "to". Maneno haya yana kitu cha ziada, nacho ni "by".

Hali na tukio

"Frightened" bado linakumbuka kwamba ni kitenzi. Kwa hiyo lina milango miwili. "The horse was frightened by the thunder": radi ilipiga, farasi akashtuka, jambo lilitokea na kuisha. "The horse is frightened of thunder": leo hakuna wingu angani, na farasi bado ni farasi mwoga wa radi. "By" hutaja kilichotisha, "of" hutaja kinachotisha. Kwa Kiswahili, "farasi alitishwa na radi" na "farasi huogopa radi", na hapa, bila kutarajia, ile "na" yetu imeangukia pazuri, kwenye "by".

"At" iko karibu na "by", lakini inapenda maneno yanayoonyesha kile akili ilichokutana nacho: "terrified at the thought of losing him", "alarmed at the news". Ni mshtuko wa papo hapo, mtu amesikia au amewaza, akastuka. "By" nayo ingefaa kwa "news". Sioni haja ya mtu kuhangaika sana na "at". Inatosha kuitambua anapoisoma.

Mawazo yanayozunguka

Tukitoka kwenye woga tukaingia kwenye wasiwasi, "about" ndiyo inayotawala: "worried about", "anxious about", "nervous about", "uneasy about", "apprehensive about". Maana ya kale ya "about" ni kuzunguka, na naiona inafaa sana, kwa kuwa mwenye wasiwasi hakabiliani na kitu, analizunguka jambo kwa mawazo. Mbwa akikubwekea unamwogopa. Matokeo ya mtihani hayabweki. Unayawaza asubuhi, unayawaza usiku.

Kwa sababu hiyo maneno ya woga nayo hukubali "about" pindi kinachotajwa ni jambo lijalo lisilo na umbo: mtu anaweza kuwa "scared about the operation". Na neno la wasiwasi hukubali "of" likigeuka kuwa tabia ya kuogopa kitu fulani: Uingereza utasikia "nervous of dogs", ingawa usaili wa kazi ni "nervous about the interview". Naye anayelikalia jambo lilelile, akalipekua na kulirudia, Kiingereza humpa "over": "fretting over", "losing sleep over".

"Worry" ina mtego wake. Kama kitenzi kisicho na kihusishi, maana yake si kuwa na wasiwasi bali kutia wasiwasi. "The cough worries me": kikohozi kinanitia hofu. Sasa mama anamtumia ujumbe mwanawe aliye mbali, anataka kusema "usiwe na wasiwasi nami", anaandika: "Don't worry me." Mwanawe atasoma "usinisumbue". Kilichokosekana ni "about" tu: "Don't worry about me." Sijui kihusishi kingine ambacho kukosekana kwake kunaweza kuumiza mtu kirahisi namna hiyo.

"By" inaweza kufuata "worried" pia, ikitaja kilichozusha wasiwasi: "worried by the letter". Barua imekuja, imekutia wasiwasi. "Worried about the letter" ni barua ambayo pengine haijafika hata.

Tatizo la "na"

Kiswahili kina "wasiwasi na afya yake", "alishtushwa na habari", "inahusika na elimu". "Na" moja inabeba yote hayo, na mkono unapokimbia unaandika "with" kila mahali. "I'm worried with her health" si Kiingereza, na msomaji atakusahihisha kichwani aendelee. Hatari zaidi ni "I'm concerned with her health", kwa sababu hiyo ni Kiingereza safi chenye maana nyingine: afya yake ni jambo ninaloshughulika nalo, kama daktari anavyosema. "The report is concerned with child health" inamaanisha ripoti inahusu afya ya watoto, na huenda ripoti nzima ina habari njema tupu. Mwenye wasiwasi ni "concerned about her health", au "concerned for her".

"Anxious" nalo lina nyuso mbili zinazotegemea kinachofuata. "Anxious about the visit" ni wasiwasi. "Anxious to visit" ni hamu, shauku ya kutaka kufika. Baadhi ya walimu wa mtindo hawaipendi maana hii ya pili, lakini imo katika Kiingereza kwa muda mrefu na utaikuta kila mahali. "Anxious for" ndiyo inayohitaji macho mawili: "anxious for news" ni kuzitaka habari, "anxious for her safety" ni kumwogopea. Kihusishi hakitoshi kukuambia. Itazame nomino, uone kama ni kitu kinachosubiriwa au ni kitu kinachoweza kupotea.

Na "I'm afraid we're closed" iliyoandikwa na mwenye duka haina hofu yoyote. Ni "samahani" au "kwa bahati mbaya". Haichukui kihusishi, na ukiifasiri "naogopa tumefunga" umemfanya mwenye duka atetemeke bure.

Nomino zina utata wao, na huu tunauchangia na Waingereza. "The fear of the children" inaweza kuwa hofu waliyo nayo watoto au hofu ambayo mtu anayo mbele ya watoto, sawasawa na "hofu ya watoto". Kiingereza kina njia ya kutoka: "the children's fear" mara nyingi ni hofu waliyo nayo wao. Sisi hatuna umbo kama hilo, kwa hiyo mfasiri anayekwenda kwenye Kiswahili lazima aongeze neno: hofu waliyokuwa nayo watoto, hofu ya kuwaogopa watoto.

Kwa anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza, sentensi ngumu kuliko zote ninazozijua ni fupi mno: "Ana wasiwasi na mumewe." Huenda mume kachelewa kurudi na mvua inanyesha: "She's worried about her husband." Huenda ametishiwa na watu, na mke anaona anaweza kudhurika: "She's afraid for her husband." Huenda ana mkono mwepesi na mke humwepuka: "She's afraid of her husband", ingawa hapo tungetegemea "anamwogopa". Na huenda, kama sisi sote tunavyoisikia tukiambiwa kwa sauti ya chini, mke anahisi ana mwanamke mwingine: "She's suspicious of her husband." Kamusi haitakuchagulia. Itabidi urudi kwenye hadithi, uusome ukurasa uliotangulia, uone yule mume anafanya nini.